Kinachotoka Pembeni

Kwenye kile kikundi cha maigizo kila mtu alimwita Shemeji. Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini aliolewa na Mtunzi, na Mtunzi ndiye aliyeandika michezo, akaiongoza, kisha akajipa nafasi kubwa kila mara bila kuona haya. Basi waigizaji wote wakajifanya wadogo zake Mtunzi, na mkewe akawa shemeji wa kikundi kizima. Shemeji, chai ipo? Shemeji, kifungo cha shati langu umekiona? Shemeji, hebu nishikie mswada, huu ukurasa unanipiga chenga.

Kazi yake hasa ilikuwa ukumbushaji. Alikaa kwenye kigoda pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia la upande wa kushoto, mswada mapajani na tochi ndogo mkononi, akifuata kila neno kwa kidole. Mwigizaji akikwama alishika ukosi wa nguo yake, na hapohapo Shemeji alimtupia maneno kwa sauti fulani ya chini itokayo tumboni, inayomfikia aliye jukwaani na kuishia hapo kabla ya kumfikia aliyekata tiketi. Hiyo ni kazi ya watu wenye subira. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba upo.

Mtunzi alikuwa na sheria moja ambayo hakuruhusu mtu aichezee: kinachotoka pembeni unakisema. Hukipimi, hukitafuni, hugeuzi shingo kutazama. Kinaingia sikioni kinatoka mdomoni, basi. Kabla ya kila mchezo mpya aliwafanyisha zoezi. Walisimama jukwaani wakashika kosi zao, na Shemeji akawatupia chochote kilichomjia, bei ya vitunguu, tangazo la sabuni, malalamiko ya mpangaji wa chini kuhusu bomba, nao wakakisema kwa huzuni au kwa mapenzi kadiri walivyoamriwa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliyesita hata kidogo alipiga deki ukumbi mzima. Mtunzi mwenyewe hakuwahi kupiga deki hata siku moja, maana mkewe alikuwa hajamaliza kutamka na yeye ameshasema.

Jukwaani, nasema. Nyumbani mke angeweza kutupa maneno mpaka akauke koo.

Mchezo mpya ulihusu mume na mke waliofungiwa ndani wakati wa ule ugonjwa. Nani hazikumbuki siku zile? Barabara zilikuwa tupu mpaka mbwa wakalala katikati ya lami, watu walinawa mikono mpaka ngozi ikabanduka, na wengi ndipo walipojua kwa mara ya kwanza wameoana na nani. Mtunzi alisema ukumbi utajaa, kwa sababu kila nyumba ina kidonda chake cha siku zile na kila mtu anapenda kutazama kidonda cha mwenzake. Nafasi ya mume alijipa yeye. Nafasi ya mke alimpa msichana mmoja mwenye kipaji wanayemwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kugundua anazimwa wapi.

Shemeji aliupata mswada kama anavyoupata kila mara. Aliukuta mezani nyumbani, umefungwa uzi, na penseli juu yake, ili aweke alama mahali waigizaji watakapovuta pumzi. Alisoma nusu ya kwanza akicheka peke yake. Mumewe hakusahau kitu. Alikuwa ameandika ugomvi wao wa dawa ya meno, siku alipoihutubia sufuria iliyoungua, na yale maneno ya mkewe kwamba amekoroma mpaka jirani akagonga ukuta. Alijisikia vizuri, tusifiche. Ni mara chache mke wa mtunzi hupata uhakika kwamba alikuwa akisikilizwa.

Kisha akafungua ukurasa ambapo simu inaita, na mume anaambiwa kwamba mama yake anaumwa.

Alidhani amesoma vibaya. Akarudi juu, akasoma upya. Mama yake Mtunzi alifariki Mtunzi akiwa bado anavaa kaptula, akalelewa na shangazi. Mama aliyeugua wakati wa kufungiwa alikuwa mama wa mtu mwingine. Alikuwa mama yake yeye, Shemeji.

Mambo yalikwenda hivi. Siku moja dada yake mkubwa alipiga simu akasema mama anabanwa na kifua, ni ile pumu yake ya zamani, ila hospitali zimefurika na hakuna anayempokea. "Anakuulizia wewe," dada alisema. "Njoo hata umshike mkono tu." Mwenye mgonjwa aliruhusiwa kutoka, na ofisi ya mtaa ilimletea kibali mpaka mlangoni. Shemeji akavaa viatu, akafunga barakoa, akafika kwenye geti la chuma la ngazini. Limefungwa. Akatazama msumari wa ufunguo. Hakuna kitu. Mtunzi alikuwa ameketi sebuleni, miguu juu ya stuli, ufunguo umo ndani ya soksi yake.

"Ukitoka utaniletea kifo humu ndani," alisema.

"Ni mama yangu!"

"Na mimi ni mumeo."

Alimsihi, akamtukana, akamvamia. Walivutana mpaka stuli ikavunjika mguu, na mume alikuwa na nguvu zaidi. Shemeji alilipiga lile geti kwa viganja mpaka vikavimba. Jirani alifungua dirisha, akachungulia, akafunga, maana siku zile kila mtu alikuwa na yake. Kesho yake alasiri mama akafa, na dada ndiye aliyemfumba macho.

Ndipo Mtunzi alipoutoa ufunguo kwenye soksi akauweka mezani, akaanguka miguuni pa mkewe analia kama mtoto. "Usiwaambie kwenu," alimwomba. "Watanitema. Waambie askari wa kizuizi cha barabarani wamekurudisha." Na Shemeji, hapa ndipo ninapomkasirikia wala sifichi, alichukua simu akamwambia dada yake hivyohivyo. Askari wamenirudisha. Alikuwa amechoka kupita kiasi, bado alikuwa na majuma ya kukaa na mtu yule nyuma ya geti lile, na uongo ulikuwa karibu kuliko ukweli.

Dada akaamini. Nani angebishana na askari wa siku zile? Toka hapo kila akikutana na askari barabarani anamsonya. Kuna mmoja aliyesonywa hadharani, nusura amweke ndani.

Sasa mswadani kila kitu kilikuwa kimegeuzwa kama shati. Mgonjwa ni mama wa mume. Anayeficha ufunguo ni mke, mwanamke wa mdomo na woga, tena anauficha ndani ya sidiria ili watu waanze kwa kucheka. Mume anapiga magoti anamlilia mama yake. Mama anakufa. Na mke, yule mwenye roho ya kutu, anamwambia mumewe: waambie kwenu askari wamekurudisha. Neno kwa neno.

"Hii ni nini?" Shemeji aliuliza wakati wa chakula, mswada mkononi.

"Ni mchezo," Mtunzi alijibu bila kuinua macho kwenye sahani.

"Mama ni wangu."

"Jukwaani hakuna wangu wala wako, mke wangu. Kuna kinachofanya kazi na kisichofanya kazi."

"Ufunguo uliuficha wewe!"

Mtunzi akafuta mdomo, akaiweka ile sauti yake ya kufundishia. "Sikiliza. Mwanamume amemfungia mkewe ndani, mama mkwe akafa. Watu watamchukia mpaka taa zizimwe. Nani atatoa pesa yake kumtazama mtu anayemchukia? Lakini mwanamume anayemlilia mama yake," akaweka kiganja kifuani, "hapo unawamaliza."

"Na mwanamke? Yeye wamchukie tu?"

"Yule ni mhusika. Si mtu."

"Dada yangu anakuja onyesho la kwanza."

Hapo akatafuna polepole kidogo. "Hatajua."

"Hatajua nini? Anajua mama yako alikufa zamani. Atajua huyo ni mama yetu. Na yale ya askari umeyaandika yote, kama yalivyo. Ataona mimi ndiye nisiyetaka kwenda!"

"Basi nitaangalia," alisema Mtunzi.

Katika ndoa ile nitaangalia maana yake ilikuwa hapana. Mazoezi yalianza na hakuna mstari uliosogea. Shemeji alikaa kwenye kigoda chake akawakumbusha watu jinsi alivyokuwa mbaya. Redio, ambaye hana kosa lolote, alimfuata siku moja wakati wa mapumziko na kikombe cha chai. "Shemeji, hebu nisaidie. Huyu mwanamke roho hii ameitoa wapi? Nikimtafuta simpati."

"Muulize aliyemwandika," Shemeji alisema, akajifanya anatafuta penseli.

Ilibaki njia moja, nayo ilikuwa nyepesi kabisa. Amwambie dada kabla. Dada alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, upande wa pili wa mji, na kila Jumapili walizungumza kwa simu mpaka sikio likapata moto. Shemeji akapiga moyo konde. Lakini dada alipokea akiwa na furaha tele. Alikuwa ameshawachangisha wenzake wa kiwandani, wamekata tiketi za pamoja, na ameshajigamba kwao kwamba mtunzi ni mume wa mdogo wake.

"Dada, kuna kitu kuhusu ule mchezo."

"Wee! Usinisimulie! Ukinisimulia utanirudishia pesa ya tiketi."

"Si hivyo. Nataka tu kukuambia kwamba..."

"Kwamba kuna kubusiana jukwaani? Mimi mtu mzima, mdogo wangu, nitavumilia." Akaangua kicheko chake kile cha kifua kizima, na Shemeji akacheka naye, na nafasi ikapita.

Akaandika ujumbe, akaufuta. Akaandika tena, mrefu zaidi, akaufuta vilevile. Siku moja alivaa kabisa, akatoka, akafika kituoni, akakumbuka kuna nguo za jukwaani hazijapigwa pasi, akarudi. Nguo zilikuwa mbili. Kila usiku alijiambia kesho, na kesho alipata sababu nyingine. Ukiniuliza mimi, alikuwa anamngoja mumewe abadilishe ukurasa ili yeye asilazimike kufungua mdomo. Alikuwa amezoea kusema kwa vinywa vya wengine.

Ikafika Jumamosi ya onyesho la kwanza. Onyesho lilikuwa alasiri, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Shemeji alichungulia kwenye mwanya wa pazia. Dada yake alikuwa safu ya tatu, gauni la buluu, katikati ya wenzake wa kiwandani wanaopeana pakiti za karanga. Alikuwa amekonda tangu msiba, na nywele alizibana nyuma kama mama alivyokuwa akizibana. Kwa mbali, katika mwanga ule hafifu, ungeapa ni marehemu amekuja kutazama maigizo.

Mchezo ulianza vizuri kupita kiasi. Dawa ya meno iliwavunja mbavu. Watu walipigana viwiko, wake kwa waume, kila mmoja akimwonyesha mwenzake: si wewe huyo? Dada alicheka mpaka akafuta machozi. Simu ilipoita jukwaani na mume akasema "Mama?" kicheko kikapungua. Redio akatumbukiza ufunguo kifuani na watu wakacheka tena kidogo, halafu wakaanza kumzomea chinichini. Shemeji aliisikia ile miguno kule alikokaa, na kila mguno ulimwingia yeye.

Mtunzi akaja mbele ya jukwaa, akapiga magoti. Mstari wake ulikuwa: "Nipe ufunguo, mama yangu anakufa." Akainua macho kuelekea watazamaji kama alivyojipangia mwenyewe, na macho yake yakatua safu ya tatu, juu ya uso ule, nywele zile zilizobanwa nyuma. Mdomo ukafunguka. Hakikutoka kitu.

Mkono wake ukaenda kwenye ukosi.

Kidole cha Shemeji kilikuwa juu ya mstari uleule. Hakuwa na kazi nyingine ila kuusoma. Kuna watakaosema alikuwa amepanga, na mimi nasema hakupanga. Aliyaona yale maneno mawili, mama yangu, na ulimi wake ukagoma kumpa mwanamume yule.

"Ufunguo ninao mimi," akatupa.

"Ufunguo ninao mimi," Mtunzi akasema.

Sheria ilikuwa imefanya kazi yake. Redio, na ufunguo wake kifuani, akamtumbulia macho. Mtu mmoja nyuma akacheka akidhani ni mzaha, akajikatiza. Kisha Mtunzi akasikia alichokisema. Uso ulimshuka wote, kijasho kikamtoka kwenye paji la uso, na mkono ukabaki umeng'ang'ania ukosi. Labda ulikuwa unaomba msaada, labda ulikuwa unatafuta tu kitu cha kushika. Kwa Shemeji ilikuwa ni ishara, na ishara ina kazi yake.

"Mama ni wako," akasema.

"Mama ni wako," Mtunzi akamwambia Redio.

"Nimekufungia ndani kwa sababu naogopa kufa."

"Nimekufungia ndani... kwa sababu naogopa kufa."

Angeweza kuacha? Angeweza sana. Angekohoa, angejiangusha, angerukia ukurasa unaofuata, mtu wa jukwaani hakosi ujanja. Lakini ukumbi ulikuwa umeshika pumzi. Wale wa karanga walikuwa na karanga mikononi na hawatafuni. Mtunzi alikuwa ametafuta ukimya wa namna ile maisha yake yote, na alipoupata aliufuata, hata kama ulikuwa unampeleka kubaya.

Redio hakuwa na mtu wa kumtupia maneno. Ila ni msichana wa akili, na mistari ya mwisho ya ukurasa ule aliijua, akaigeuza palepale. "Na kwetu?" akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameitumia tangu mchezo uanze. "Kwetu niwaambie nini?"

Mtunzi akangoja. Shemeji naye akangoja kidogo, nasadiki, kwa sababu aliujua uzito wa lile linalofuata. Halafu akalisema.

"Waambie askari wamekurudisha," Mtunzi akarudia.

Safu ya tatu, mwanamke wa gauni la buluu akasimama. Mkoba wake ulianguka na hakuuokota. Mwenzake alimvuta mkono ili akae, wa nyuma wakamwambia anawaziba, naye akabaki amesimama vilevile mpaka taa za jukwaani zilipozimwa.

Makofi yaliyofuata sijui niyaeleze vipi. Watu waliinuka. Kuna wanaume watu wazima waliokuwa wanalia waziwazi, na wake zao wanawashika mabega.

Shemeji alibaki kigodani. Alijua sasa kinakuja kibao, au talaka, au vyote viwili kwa mpigo, na moyoni aliona sawa tu, kwa kuwa lililobanwa kooni miaka yote limetoka. Mtunzi akaja mbio nyuma ya pazia, shati limelowa, akamkamata mabega kwa mikono miwili. Shemeji akafumba macho.

Akabusiwa kwenye paji la uso.

"Umeusikia ule ukimya?" Mtunzi alikuwa anahema. "Umeusikia? Mwanamume anakiri mwenyewe! Kwa magoti! Na hawakunichukia, mke wangu, umeona? Wamenililia mimi!"

"Ni kweli yote," Shemeji alisema. "Ulifanya hivyo."

"Ndiyo maana inafanya kazi! Hii inabaki. Kesho vilevile. Redio! Lete kalamu. Ulisemaje pale kwenye kuogopa? Hebu rudia taratibu, tuandike."

Redio akaja na kalamu, akamtazama Shemeji usoni, na nadhani wakati huo ndipo alipompata yule mwanamke aliyekuwa akimtafuta. Akasimama na kalamu yake bila kuandika. Mtunzi akamnyang'anya, akaanza kuandika mwenyewe juu ya goti, midomo ikichezacheza. Alikuwa anakumbuka vizuri tu.

Hapo dada akatokea kwenye mlango wa nyuma, mkoba ukiwa umefungwa nusu, karatasi zinachungulia. Mtunzi akafungua mikono. "Dada yetu! Umeonaje?" Dada akampita kama anayepita nguzo.

"Aliposhika shati lake," alimwambia mdogo wake, "ni wewe uliyempa maneno. Kazi yako naijua. Na yeye namjua, yale hayawezi kutoka kwake."

"Ni mimi, dada."

"Na ni kweli?"

"Kweli tupu. Alinifungia. Nilipiga geti mpaka mikono ikavimba, muulize jirani. Nilikuwa nimeshavaa viatu, dada. Nilitaka ujue."

"Ulitaka nijue." Dada alilirudia kwa utulivu uliomtisha Shemeji kuliko kelele. "Kila Jumapili tunaongea. Tumeongea bei ya unga, tumeongea magoti yangu, tumeongea paka wa jirani. Mama alikuwa anatazama mlango, na mimi nikimwambia yuko njiani, mama, ni foleni ya kizuizini tu. Amekufa na hiyo. Mimi nikatoka pale kuwachukia askari, watu wasionijua wala wasionikosea. Kwangu kuna kiti chako kabisa, unakijua, hakuna mwingine anayekikalia. Hukuweza kuniambia hapo? Mpaka nikate tiketi? Mpaka nikae na watu wanaotafuna karanga, niambiwe na mdomo wa huyu?"

"Niliogopa, dada."

"Na yeye kasema hivyohivyo," dada alisema. "Mmefanana."

Akageuka akatoka. Wenzake wa kiwandani walikuwa wanamngoja nje kwa bashasha, wakitaka kutambulishwa kwa mtunzi, akawapita nao. Shemeji alimfuata mpaka mlangoni akaishia hapo. Alikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia. Alisimama akimtazama mpaka gauni la buluu likakata kona.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Alipiga simu asubuhi, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena baada ya kufua, akapiga tena kabla ya kuondoka nyumbani. Iliita kama kawaida, haikuzimwa. Ilikuwa tu haipokelewi.

Alasiri ukumbi ulifurika kuliko jana, maana habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna mwanamume anajivua nguo mbele za watu kwa maneno. Shemeji alikaa mahali pake na mswada uliobandikwa ukurasa mpya, mwandiko wa Mtunzi. Simu ya jukwaani ikaita. Dada wa mchezo, maana Mtunzi alikuwa ameshamwongeza, akasema mama anamuulizia mkeo. Redio akalipiga geti kwa viganja. Mtunzi akaja mbele akapiga magoti, akasema ufunguo ninao mimi, akasema mama ni wako, na kabla ya neno kufa alikuwa amejiwekea pumzi ndefu ambayo jana haikuwapo, na chozi likashuka mahali pake hasa. Hakugusa ukosi. Shemeji alifuata kwa kidole mpaka mwisho wa ukurasa, na hakuna mahali alipohitajika.